Mshambuliaji Hasimamishi Vita

Nilipanga sura hii iwe na sehemu tatu zinazolingana: kipaji, uchawi na utumishi kwa jamii. Kila sehemu na uzushi wake.

Tuanze na kipaji. Wazazi huniletea mtoto wa miaka 12 wakisema "kazaliwa nacho", kisha wa miaka 17 wakinong'ona kwamba huyu keshachelewa. Didier Drogba, mzaliwa wa Abidjan, alisaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa akiwa na miaka 21, katika klabu ya Le Mans huko Ufaransa. Chelsea walipomnunua mwaka 2004 kwa pauni milioni 24, alikuwa na 26. Hilo limekwisha.

Uchawi. Kwa timu zinazoruka ukuta wa uwanja zikiogopa mlango, na zile "kamati za ufundi" ambazo ufundi wake sote tunaujua, sina subira. Nimeambiwa hata bao la Munich, katika fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, tarehe 19 Mei 2012, lilikuwa na mkono wa mtu: Bayern walipata kona 20, Chelsea moja, na kwa hiyo moja Drogba akasawazisha dakika ya 88. Mimi hufundisha washambuliaji, kwa hiyo nivumilieni. Kwenye kona, beki hawezi kumtazama mtu na mpira kwa wakati mmoja. Mshambuliaji hungoja jicho la beki liende kwenye mpira, ndipo hukata mbio kuelekea nguzo ya karibu. Akifika wa kwanza, hana haja ya kuupiga mpira kwa nguvu. Nguvu mpira umekuja nayo. Yeye hukaza shingo, akauelekeza kwa paji la uso. Hayo hufanywa mazoezini mara mia, jioni, bila mtazamaji. Halafu katika muda wa nyongeza Drogba huyohuyo akamchezea rafu Ribéry, ikawa penalti, na Petr Čech akaidaka ya Robben. Hirizi gani inayompeleka mwenyewe kucheza rafu ndani ya boksi lake?

Utumishi sasa. Nilikuwa na majina mengi ya kutaja, ila kila ninapozungumza na vijana husimama mmoja akasema: "Drogba alisimamisha vita." Basi wengine watanisamehe.

Tarehe 8 Oktoba 2005, Kodivaa iliifunga Sudan 3-1 mjini Omdurman. Hiyo pekee haikutosha. Huko Yaoundé, Kameruni walikuwa sare na Misri, wakapata penalti dakika za mwisho kabisa. Pierre Womé akagonga nguzo. Hapo ndipo Kodivaa ikafuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Ndani ya chumba cha kubadilishia nguo, mbele ya kamera, Drogba na wenzake wakapiga magoti, akawaomba wananchi wasameheane, waweke silaha chini.

Ombi lilikuwa zito. Lakini vita ile, iliyoanza Septemba 2002, haikuzimwa na kipaza sauti. Mkataba wa Ouagadougou kati ya Rais Gbagbo na kiongozi wa waasi, Guillaume Soro, ulisainiwa Machi 2007, karibu miezi 17 baadaye, kwa usuluhishi wa Rais Compaoré wa Burkina Faso. Na baada ya uchaguzi wa 2010 damu ikamwagika tena. Watu wapatao 3,000 walikufa. Mwenye kusema mpira ulimaliza vita awaeleze hao.

Alichofanya Drogba ni kazi ya polepole zaidi. Mwaka 2011 aliteuliwa katika tume ya maridhiano yenye wajumbe 11, miongoni mwa watu ambao hakuna aliyewalipia kiingilio. Kabla ya hapo, alipokuwa mwanasoka bora wa Afrika, aliipeleka tuzo yake Bouaké, ngome ya waasi, akaomba mechi na Madagaska ichezwe huko. Ikachezwa tarehe 3 Juni 2007, 5-0.

Drogba alifunga la tano. Manne ya kwanza yalifungwa na wengine.