Ukungu Uingiao Bafuni

Mtu apandaye kutoka Mombo kwenda Lushoto huliacha joto la bondeni nyuma yake, akakutana na ukungu uliolala juu ya msitu wa Magamba. Huo ni ukungu wa kheri, kwani watoka katika pepo za Bahari ya Hindi nao hunywesha misitu yetu. Walakini lugha yetu imelitoa jina hilo hilo kwa ukungu mwingine: ule uotao juu ya mkate uliolala, juu ya viatu vya ngozi vilivyosahauliwa uvunguni, na siku hizi bafuni. Huo wa pili ndio tupendao kuwazungumzia wasomaji wetu, hasa wale waishio milimani.

Zamani wengi wetu tulikoga uani, na jua na upepo vikapakausha. Leo nyumba nyingi zajengwa na bafu la ndani, lina vigae ukutani na bomba la mvua, na fundi huziba pembe zake kwa ule mpira laini uitwao silikoni. Ni jambo jema. Lakini Lushoto i juu ya bahari kwa kiasi cha mita 1,400, na kutoka Juni hata Agosti baridi hutufanya tufunge dirisha usiku na mchana. Mvuke wa maji ya moto haupati pa kutokea; hugeuka matone ukutani, nayo huteremka yakatuama papo hapo penye silikoni. Haipiti miezi mingi, mstari uliokuwa mweupe waingia vitone vyeusi.

Vitone hivyo si masizi wala udongo. Ni viumbe hai vya jamii ya uyoga, na chakula chao ni mabaki ya sabuni na mafuta ya miili yetu. (Tusiitukane jamii yote: Alexander Fleming aliipata penisilini kwa ukungu, London, mwaka 1928.) Nyuzi zao huweza kupenya ndani ya silikoni, ndiyo sababu mwenye nyumba husugua hata mkono ukamwuma, na weusi ungalipo. Naye asuguaye kwa brashi ya chuma huikwaruza silikoni na kuuongezea ukungu mahali pa kujificha.

Je, ni neno la macho tu? La. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2009 kwamba nyumba zenye unyevu na ukungu huwazidishia watu pumu na maradhi mengine ya kifua. Huko Rochdale, Uingereza, mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, ambaye wazazi wake wametoka Sudani, alifariki Desemba 2020. Na uchunguzi wa mwaka 2022 ukathibitisha kuwa sababu ni ukungu wa nyumba waliyopangishwa. Sheria iliyopitishwa mwaka 2023 ya kuwalazimisha wenye nyumba za kijamii kuondoa hatari hiyo yaitwa kwa jina lake. Vitone vichache vya bafuni si sawa na nyumba nzima iliyooza, wala hatutaki kumtisha mtu. Lakini penye mtoto wa pumu, msingoje.

Yapasa tukiri kosa letu wenyewe. Tulimwambia mwanafunzi mmoja mkubwa asafishe mahali petu pa kutawadhia, naye kwa bidii akachanganya jiki na dawa ya chooni yenye asidi. Mara akatoka mbio akikohoa, macho yakimchuruzika machozi. Alipona kwa kupata hewa safi, lakini lawama ilikuwa yetu, maana hatukumwonya. Mchanganyiko ule hutoa hewa ya klorini, ile ile iliyotumiwa vitani huko Ubelgiji mwaka 1915. Basi jiki isichanganywe na asidi, wala na siki, wala na dawa yenye amonia. Itumiwe na maji peke yake, dirisha li wazi, mikono imevikwa glavu.

Kwa weusi ulio juu juu, lowesha karatasi ya chooni kwa jiki, uilaze juu ya mstari kwa saa chache, kisha uoshe vizuri. Usipotoka, umekwisha kuingia ndani, na hapo hapana dawa ila kukata. Kata silikoni yote ya zamani kwa wembe, kwani mpya haishiki juu ya kuukuu. Safisha, futa kwa spiriti, na ungoje pakauke kabisa. Hapa ndipo mafundi wetu wafanyapo haraka. Kinachokauka kwa siku moja Tanga, huku kwetu chataka siku mbili au tatu. Kisha tia silikoni ya bafuni iliyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, na maji yasiiguse kwa muda wa saa 24.

Baada ya kukoga, futa kuta kwa kitambaa na uache dirisha wazi walau nusu saa. Letu la madrasa tulikuwa tumelipigilia misumari kwa ajili ya baridi, sasa tumeing'oa. Watoto hunung'unika alfajiri, nasi twawaambia wavae sweta.