Je, Wajua? Ukulele ya Kwanza na Kiangazi cha Busi

Je, wajua kwamba ukulele, kile kigitaa cha Hawaii, ina asili ya Ureno? Tarehe 23 Agosti 1879 meli ya Ravenscrag ilifika Honolulu na vibarua wa mashamba ya miwa kutoka kisiwa cha Madeira. Ndani yake walikuwamo mafundi seremala watatu: Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo. Hao ndio walioanza kuunda ukulele, wakifuata mfano wa machete, kigitaa cha kwao.

Je, wajua kwamba nyuzi zake nne hazishuki kwa mpangilio wa gitaa? Zinatyuniwa sol, do, mi, la, na ule wa juu, ulio karibu na kidevu chako, hulia kwa sauti kali kuliko unaoufuata. Usimgombeze muuzaji, ndivyo ilivyo.

Je, wajua kwamba nyuzi za chuma za gitaa zinaweza kuling'oa daraja la ukulele? Mvuto wake ni mkubwa mno. Ukulele hufungwa nyuzi za nailoni au za jamii hiyo.

Je, wajua kwamba ukulele ya soprano ina urefu wa sentimita 53 hivi, ya konseti 58 na ya tenor 66? Mtu mzima mwenye vidole vinene achukue konseti.

Sasa tuje kwenye hewa yetu. Je, wajua kwamba adui wa ukulele hapa Busi, kama kwingineko Kondoa, ni ukavu wa hewa? Ala ya ubao hupenda unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55. Ukiinunua Dar es Salaam kwenye jasho la pwani kisha ukaipandisha huku mwezi wa Agosti, mbao zinasinyaa. Freti ni vyuma, hazisinyai, kwa hiyo ncha zake huchomoza pembeni mwa shingo na kukukwaruza kiganja. Ubao mzima unaweza hata kupasuka. Ndiyo maana, pamoja na sifa zote za mti wa koa wa Hawaii, anayeanza huku namshauri achukue ya plaiwudi iliyoundwa vizuri. Sauti yake haijai sana, lakini inavumilia kiangazi. Mwenye ya ubao mzima aweke ndani ya begi kijisanduku cha sabuni chenye matundu na sponji iliyokamuliwa maji.

Je, wajua kwamba mpingo, mti wetu wa taifa, huzama majini kwa uzito? Ulimwenguni unasifika kwa klarineti, na mafundi wengine huutumia kwenye ubao wa vidole wa gitaa.

Je, wajua kwamba zeze la Wagogo, lenye kibuyu na upinde, halina freti kabisa? Hukwe Zawose, mpigaji wake aliyefariki mwaka 2003, alilifikisha kwenye majukwaa ya Ulaya. Hapo sikio lake ndilo lililofanya kazi ya freti.

Wewe unayeanza unazihitaji freti, basi zipime dukani. Pitisha kidole pembeni mwa shingo. Washa programu ya kutyuni kwenye simu, piga uzi mtupu, kisha ubonyeze kwenye freti ya 12: lazima utoe noti ileile, oktava moja juu. Hapohapo pachika kadi nne za benki zilizobebana, kama milimita 3, chini ya uzi. Zikipita na nafasi ikabaki, vidole vitakuuma bure. Ikishindwa jaribio lolote kati ya hayo, irudishe kwenye rafu, hata kama umepunguziwa bei.