Mashindano ya skrini: vinara wa dunia na TV inayostahili sebule ya Singida

Kuchagua TV ya sebuleni ni pambano la wababe wawili. Kona moja yupo Inchi, anayejaza ukuta na kuwafanya wageni wagune mlangoni. Kona ya pili yupo Ubora wa Picha, mwenye weusi wa kweli, mwanga mkali na kasi. Ili bingwa apatikane kwa haki, tumewaita vinara wa dunia nzima, na kila mmoja tunampima kwa vipimo vya nyumbani: basi, goli la mpira, gunia la mahindi na watu wa Mkoa wa Singida.

1. Kubwa kuliko zote: viwanja 7 na nusu vya mpira

Kinara wa ukubwa duniani hakai sebuleni. Ni Sphere, jengo la duara la Las Vegas, Marekani, lililofunguliwa Septemba 2023. Ganda lake la nje lote ni skrini, karibu mita za mraba 54,000. Kiwanja cha mpira cha mita 105 kwa 68 kina mita za mraba 7,140. Gawanya: viwanja 7 na nusu vya picha tupu! Ndani yake kuna skrini nyingine ya karibu mita za mraba 15,000, ambayo ni viwanja 2 na chenji.

Kwa TV zilizouzwa kwa mtu binafsi, mbabe ni Titan Zeus ya Uingereza: inchi 370, upana zaidi ya mita 8, bei karibu pauni milioni 1. Goli la mpira lina upana wa mita 7.32, kwa hiyo Zeus inaliziba goli lote na kipa akose pa kusimama. Toyota Coaster, yenye urefu wa karibu mita 7, nayo inapotea nyuma yake.

Shuka hadi dukani. Mwaka 2024 TCL iliingiza sokoni TV ya inchi 115. Upana wake ni mita 2.55, sawasawa na upana wa basi la mikoani.

Sasa sikiliza siri ya inchi, kwa sababu hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopigwa chenga. Inchi hupimwa kwa mshazari, kona hadi kona, ilhali jicho linatazama eneo. Kutoka inchi 32 kwenda 43 unaongeza inchi 11 tu, lakini eneo la picha linakua kwa asilimia 80. Kutoka 43 kwenda 55, eneo linaongezeka kwa asilimia 64. Na TV moja ya inchi 65 inabeba picha ya TV nne za inchi 32, na nafasi inabaki!

2. Kongwe kuliko zote: mistari 30

Januari 26, 1926, jijini London, John Logie Baird aliwaonyesha wanasayansi picha ya televisheni iliyochorwa kwa mistari 30. TV ya 4K ya leo ina mistari 2,160, mara 72 ya ile ya Baird.

Afrika Mashariki nayo ina medali yake. Kenya ilianza kurusha picha mwaka 1962 na Uganda 1963, lakini Zanzibar ilipokuja mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuja na rangi, ya kwanza katika Afrika kusini mwa Sahara! Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994. Kisha Bara nayo ikachomoka mbio: Desemba 31, 2012, Dar es Salaam ilizima mitambo ya analojia, zaidi ya miaka miwili kabla ya Nairobi na Kampala, na king'amuzi kikawa mwanafamilia.

3. Nzito kuliko zote: magunia mawili ya mahindi

TV za chogo zilikuwa na kinara wao. Mwaka 1989 Sony ilitoa chogo chenye picha ya inchi 43, kikubwa kuliko vyote vilivyowahi kuuzwa. Uzito wake ulikuwa karibu kilo 200, yaani magunia mawili ya mahindi ya kilo 100. Marekani kiliuzwa dola 40,000.

Leo TV bapa ya inchi 43 ina kilo 7 au 8. Hao ni jogoo wanne wa kienyeji wa kilo mbili mbili, mzigo ambao abiria anaubeba mwenyewe kutoka dukani mjini hadi kwenye basi la Kiomboi. Picha ni ileile ya inchi 43, na kilo zaidi ya 190 zimeyeyuka ndani ya kizazi kimoja.

4. Ndogo na nyembamba kuliko zote: rula ya mwanafunzi

Mwaka 1982 Seiko ilivalisha watu TV mkononi. Saa yake ilikuwa na skrini ya inchi 1.2, na kipokea mawimbi kilikaa mfukoni. Skrini hizo zaidi ya 1,800 ndizo zingejaza TV moja ya inchi 55.

Kwa wembamba, Sony XEL-1 ya mwaka 2007, TV ya kwanza ya OLED kuuzwa madukani, ilikuwa na unene wa milimita 3 na picha ya inchi 11. Miaka kumi baadaye LG ikavunja rekodi: inchi 65 kwa milimita 2.57. Chukua rula ya mwanafunzi uhesabu vistari. Hata vitatu haifikishi.

Lakini wembamba una gharama yake, nayo hulipwa na masikio. Spika inahitaji nafasi ya kusukuma hewa, na TV nyembamba haina nafasi hiyo. Anayenunua TV bapa atenge fedha ya sabufa.

5. Nukta nyingi kuliko zote: watu wote wa Singida

Hapa ndipo mkoa wetu unapanda jukwaani! Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,008,058 mkoani Singida. Skrini ya Full HD ina nukta (pikseli) 2,073,600. Mpe kila mkazi nukta yake, kutoka Manyoni na Itigi hadi Ikungi, Iramba na Mkalama, mzee na kichanga, na bado zinabaki nukta 65,542.

TV ndogo iliyoandikwa HD mara nyingi ina nukta 1,049,088. Inatosha nusu ya mkoa na watu wachache. Ile ya 4K ina 8,294,400: mikoa minne kama Singida, na nukta 262,168 za ziada. Kinara ni 8K, yenye nukta 33,177,600. Tanzania nzima ilihesabiwa watu 61,741,120, kwa hiyo 8K inawakalisha zaidi ya nusu ya Watanzania wote kwenye ukuta mmoja.

Ushindi wa kishindo? Subiri hesabu mbili. Ya kwanza ni ya jicho. Mbele ya TV ya inchi 55, mwenye macho mazuri akikaa mbali zaidi ya mita 2.2 hawezi tena kuzitenga nukta za Full HD. Akiwa kwenye kochi mita 3 kutoka ukutani, kwa wingi wa nukta 4K na Full HD zinatoka sare.

Hesabu ya pili ni ya king'amuzi. Chaneli ya kiwango cha kawaida (SD) hurusha nukta 414,720. Ukizipeleka kwenye 4K, kila nukta moja iliyotoka kituoni inatandazwa juu ya nukta 20 za skrini yako. Ndiyo maana TV mpya ya inchi 65 inaweza kuonyesha taarifa ya habari yenye ukungu kuliko ile ya zamani ya inchi 32. Skrini haina kosa; imepewa unga wa mtu mmoja na kuambiwa ipikie ishirini.

6. Nyeusi kuliko zote: giza kamili

Rekodi hii haijai ukuta, wala haiandikwi kwa herufi kubwa kwenye boksi, lakini ndiyo inayotenganisha picha na picha. TV za kawaida zina taa nyuma ya skrini, na taa hiyo huvuja hata mahali panapotakiwa kuwa giza. Paneli ya aina ya IPS hufanya weupe uwe karibu mara 1,000 ya weusi. Paneli ya VA hufika mara 3,000 na zaidi. OLED haina taa hiyo; inaizima nukta yenyewe, na giza linakuwa giza, mwanga sifuri!

Tazama filamu ya Kibongo yenye tukio la usiku na utaona tofauti mara moja. Kwenye paneli dhaifu usiku ni wa kijivu na mhusika aliyevaa nguo nyeusi anapotelea ukutani. Kwenye VA nzuri unaona mpaka mikunjo ya shati lake. IPS nayo ina pointi yake: picha yake haififii kwa aliyekaa pembeni. Familia iliyotawanyika makochi yote ya sebule itampa kura. Familia inayokaa mkabala na skrini itachagua VA.

7. Kali kuliko zote: niti 10,000

Mwanga wa skrini hupimwa kwa niti. TV za bei nafuu hutoa kama 250 hadi 300. Mwanzoni mwa 2024 Hisense ilitangaza TV ya inchi 110 yenye niti 10,000, zaidi ya mara 30 ya hizo. Lakini yupo mbabe wa wababe: karatasi nyeupe iliyowekwa kwenye jua kali la adhuhuri hutoa niti karibu 30,000. Jua la Singida bado linashikilia mkanda, kwa mara tatu!

Kwa hiyo usipambane nalo. TV ya niti 300 ikitazamana na dirisha saa nane mchana imeshapoteza. Igeuze ukuta na imepona bila gharama. Na lile neno HDR (picha yenye tofauti kubwa zaidi ya mwanga na giza) kwenye boksi la TV ya bei nafuu lisikuvute kuongeza fedha, kwa kuwa HDR huhitaji mwanga mwingi, na niti 300 hazina huo mwanga.

8. Yenye kasi kuliko zote: mpira mmoja kwa picha moja

Shuti la kilomita 100 kwa saa husafiri mita 27.8 kila sekunde. Kwa picha 25 kwa sekunde, mpira unaruka zaidi ya mita 1 kati ya picha na picha. Kwa picha 50, sentimita 56. Kwa picha 120, sentimita 23, ambazo ni karibu kipenyo cha mpira wenyewe!

Hiyo ndiyo raha ya TV ya hezi 120. Ila matangazo yetu hurushwa kwa mfumo wa hezi 50, kwa hiyo picha nyingine zote hubuniwa na TV. Mwenye watoto wa gemu alipie kasi. Mtazamaji wa ligi peke yake, hezi 60 zinamtosha.

9. Mlafi kuliko wote: kutoka Singida hadi Dodoma

Umeme kwanza. TV ya inchi 55 hutumia kama wati 100, kwa hiyo uniti moja ya LUKU inaiendesha saa 10. Saa 4 kila siku ni uniti 12 kwa mwezi. Inchi 32 inakula chini ya nusu ya hapo.

Mlafi wa kweli ni bando. Filamu ya 4K ya Netflix humeza hadi GB 7 kwa saa. Tazama kwa saa 4, muda ambao basi linakutoa Singida hadi Dodoma, karibu kilomita 240, na GB 28 zimekwenda! King'amuzi kwa saa hizo hizo kinakula GB 0.

10. Rekodi inayoamua pambano: umbali wa kochi

Titan Zeus ya inchi 370 inamtaka mtazamaji arudi nyuma karibu mita 15, urefu unaozidi basi la mita 12. TV ya inchi 115 inataka mita 4.6. Kila inchi inadai nafasi yake, na kanuni ni nyepesi kuliko hesabu ya darasa la tatu: pima kutoka kochi hadi ukutani kwa sentimita, kisha gawanya kwa 4. Jibu ni inchi zako.

Sentimita 170 zinakupa inchi 43. Sentimita 220, inchi 55. Sentimita 260, inchi 65. Mita 3 kamili, inchi 75. Kama nyumbani mnatazama zaidi chaneli za SD, gawanya kwa 6, na picha itabaki na heshima yake.

Jukwaa la washindi

Dhahabu anachukua Inchi, lakini hadi kwenye namba ya kochi lako tu. Ukiwa chini ya namba hiyo, kuongeza ukubwa kunalipa kuliko kitu kingine chochote dukani. Ukishaifikia, Inchi anavuliwa mkanda papo hapo na dhahabu inahamia kwa Weusi. Fedha ni ya Mwanga, shaba ni ya Nukta, na Kasi inabaki nje ya jukwaa. Inchi 55 yenye paneli nzuri inaishinda inchi 65 dhaifu katika sebule ya mita 2.2, hata kama ya pili ina eneo kubwa kwa asilimia 40.

Basi nenda dukani na futi kamba, na namba yako ikiwa imeandikwa kabisa. Mwombe muuzaji aweke tukio la usiku, kisha chaneli ya king'amuzi unayoitazama kila siku. Simama umbali ule ule wa kochi lako, halafu sogea pembeni anapokaa mtoto wa mwisho. TV itakayoshinda majaribio hayo manne ndiyo ya kulipia.