Mpagazi wa Kirene

Wajukuu, sogeeni karibu. Mnajua tarehe 1 Agosti, sikukuu ya wazazi, watu wa Lubumbashi huamka na majembe na mafagio kwenda kusafisha makaburi. Siku moja kama hiyo, tukirudi Karavia, mmoja wenu akanivuta shati: "Nkambo, waliofia vitani mbali, kaburi lao hufagiliwa na nani?" Nikamwambia angoje. Leo namjibu.

Vita vya 1914 vilipoanza, mji wetu uliitwa Élisabethville, nao ulikuwa na miaka 4 tu. Askari weusi wa Force Publique, jeshi la koloni ya Kongo, walitoka Katanga kwenda Abercorn, leo Mbala ya Zambia, kuwazuia Wajerumani. Mwaka 1915, pale Saisi, walishikilia boma pamoja na askari wa Rhodesia mpaka adui akarudi alikotoka. Mwaka uliofuata jeshi la Kongo likaingia Kigoma, na tarehe 19 Septemba likaiteka Tabora.

Hapo watoto wa kiume hupiga makofi. Ngojeni kwanza. Risasi zile, na unga ule, nani alizifikisha huko?

Njiani ndorobo waliua ng'ombe na punda, kwa hiyo mzigo uliwekwa juu ya kichwa cha mtu. Mpagazi alisokota kata ya majani, akaiweka utosini, akapandishiwa kilo 25 hivi, akatembea. Kesho yake tena. Kongo ilitoa wapagazi zaidi ya 200,000. Wengi waliuawa na kuhara damu, na kichomi, na njaa, wala si risasi. Na wengi hawakujitolea: chifu aliambiwa alete wanaume, akawaleta. Mimi sipendi mtu aseme "walitoa maisha yao" bila kusema hilo.

Sasa tuingie kanisani, tuone askari na wapagazi wanakumbukwaje huko. Kabla ya kukomunika, kila Misa, tunamwambia Bwana kwamba hatustahili aingie kwetu. Maneno hayo asili yake ni ya mwanajeshi, yule akida wa Kapernaumu, mtu wa jeshi lililotawala nchi ya wengine. Yesu alistaajabia imani yake. Na askari walipomwendea Yohane Mbatizaji wakiuliza wafanye nini, aliwakataza kuwanyang'anya watu, akawataka watosheke na mshahara. (Wenye kusimama kwenye vizuizi vya barabarani wangesikia!)

Lakini mpagazi yuko wapi? Yuko kwenye Njia ya Msalaba, kituo cha tano. Simoni wa Kirene, mtu wa Afrika, kule iliko Libya leo, alikuwa akitoka shamba. Askari wakamkamata, wakambebesha msalaba. Hakuulizwa kama anataka. Hata hivyo Kanisa halijausahau mzigo ule: kila Ijumaa ya Kwaresima tunapiga magoti mbele yake. Naye Marko hakuishia kwa Simoni. Aliandika na majina ya wanawe, Aleksanda na Rufo.

Wapagazi wetu walizikwa kando ya njia, na nyasi zimeota. Hakuna anayefagia, mjukuu wangu. Basi jioni hii, bukari ikiiva, waulizeni wazee wa nyumbani kama kuna wa ukoo wetu aliyebebeshwa mzigo akaenda upande wa Tabora. Akipatikana, mniletee jina lake, na majina ya watoto wake pia. Daftari ninalo.