Boksa Haizuii Busha

Sura hii ilikusudiwa kuanza na kitambaa, lakini kuna imani inayojitokeza kila nguo ya ndani ya kiume inapozungumzwa: kwamba asiyevaa ya kubana ataota busha. Huko pwani wapo pia wanaoapa kwamba busha huletwa na madafu. Yote mawili ni upuuzi. Chanzo kikuu cha busha pwani ni minyoo ya Wuchereria bancrofti, inayoenezwa na mbu na kuharibu mishipa ya limfu. Mbu haulizi umevaa nini. Ndiyo maana Tanzania ilipoanza kupambana na ugonjwa huo, Mafia mwaka 2000 na Zanzibar mwaka 2001, iligawa ivermectin na albendazole, haikugawa chupi. Ngiri nayo, ambayo pia haizuiwi na chupi, ni utumbo kupenya penye udhaifu katika ukuta wa tumbo. Mwenye uvimbe anayejifunga chupi mbili badala ya kumwona daktari anajichelewesha tu.

Tukishaivua nguo hii kazi ya uganga, inabaki na kazi yake halisi: kushikilia bila kubana, kunyonya jasho, na kuzuia mapaja yasichubuane. Hapo wapo watakaodai kwamba kubana humaliza mbegu. Hoja hii ina mashiko, kwa kuwa korodani huhitaji joto la chini kuliko la mwili kwa nyuzi 2 hadi 4 hivi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, wa wanaume 656 waliohudhuria kliniki ya uzazi huko Boston, uliona kwamba waliovaa zaidi boksa pana walikuwa na msongamano wa mbegu uliozidi wa wenzao kwa asilimia 25. Lakini kupungukiwa si ugumba, na wengi wa waliovaa za kubana walikuwa bado ndani ya kiwango cha kawaida. Anayetafuta mtoto avae pana, na asubiri miezi mitatu hivi, maana mbegu huchukua zaidi ya miezi miwili kukomaa. Wengine wachague kwa raha yao.

Na raha huamuliwa na mshono kuliko jina lililofumwa kwenye lastiki. Igeuze boksa nje ndani uangalie kati ya mapaja. Ya bei poa mara nyingi ina mishono minne inayokutana katika nukta moja, palepale unapokalia. Iliyoshonwa kwa akili ina kipande cha ziada kinachoipeleka mishono hiyo pembeni. Saizi usiiamini herufi, kwa sababu M ya kiwanda kimoja ni L ya kingine; pima kiuno kwa futikamba pale lastiki itakapokaa. Mwenye mapaja manene achague miguu mirefu, kwani fupi hujikunja na kupanda kinenani.

Kuhusu kitambaa, pamba yenye lastiki kidogo inawatosha wengi. Dereva wa bodaboda anayeshinda juani akiwa na poliesta tupu, isiyonyonya karibu chochote, anawaalika fangasi. Anayekimbia ana haki ya kubisha, kwa sababu pamba ikilowa hukaa na maji na kuchubua. Yeye avae ya michezo, aivue akimaliza. "Mianzi" inayosifiwa siku hizi kwa kawaida ni viskosi iliyopikwa kwa kemikali, na mwaka 2022 kampuni za maduka Walmart na Kohl's zilikubali kulipa jumla ya dola milioni 5.5 nchini Marekani kwa tuhuma za kuinadi kinyume cha ukweli. Usilipie mianzi; lipia mshono.