Sataranji ya Dakika Tatu

Wasikilizaji wetu wa darasa la Kiegei, na ninyi nyote mnaotusikiliza mahali pengine, leo tutazungumza juu ya mchezo wa haraka, na namna mtu anavyoweza kuendelea katika mchezo huo.

Bao mnalijua. Lina kete 64. Mchezaji mzoefu hazihesabu kwa kidole. Hutupa jicho mara moja, akajua kete zake zitaishia shimo gani. Mgeni hudhani mtu huyu ana akili za ajabu. Sivyo. Ameyaona mambo yale yale mara nyingi.

Sataranji nayo huchezwa juu ya ubao wenye viraba 64. Siku hizi watu huicheza kwa simu, kwa njia ya intaneti, na mtu aliye mbali. Katika mchezo wa haraka, kila mmoja hupewa dakika 3, au hata dakika 1, kwa mchezo mzima. Saa yako hutembea wakati wa zamu yako. Ikiisha, kwa kawaida umeshindwa, hata kama kete zako ni nyingi zaidi.

Basi, mtu afanyeje? Wengi hucheza michezo ya haraka tangu asubuhi hata jioni. Mtu huyo huzoesha mkono wake, lakini huyazoea na makosa yake pia.

Mwaka 1973, huko Marekani, William Chase na Herbert Simon waliwaonyesha wachezaji ubao wenye kete kwa sekunde 5 tu, kisha wakauficha. Bingwa alikumbuka mahali pa kete nyingi kuliko mwanafunzi. Lakini kete zilipotawanywa ovyo, bingwa na mwanafunzi karibu walilingana. Maana yake ni nini? Bingwa haoni kete moja moja. Huona mafungu anayoyajua.

Fungu moja ni hili. Mfalme amekaa mstari wa mwisho, nyuma ya askari wake watatu. Ngome ya adui ikiingia mstari ule, na hakuna wa kuizuia wala wa kuila, mfalme hana pa kukimbilia. Aliyejifunza jambo hili polepole huliona mara moja.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Kwanza, chezeni michezo michache ya polepole kila juma. Pili, baada ya mchezo wa haraka, rudieni hatua zake, mtafute mahali mlipokosea. Tatu, gawanyeni wakati. Dakika 3 ni sekunde 180. Mchezo wa hatua 40 hukupa sekunde 4 na nusu kwa kila hatua. Ukitumia nusu dakika kwa hatua moja, umekula wakati wa hatua zaidi ya sita.

Sasa litazameni neno hili: SHAMBA. Mlipoanza darasa mlisoma sha, kisha mba, kwa kidole. Leo mnaliona neno zima. Nalo ni fungu. Basi, mtu asimcheke mwenzake anayesoma kwa kidole, wala asijionee haya mwenyewe. Njia ya kusoma upesi hupita hapo hapo.

Kazi ya nyumbani: someni somo hili mara tatu. Mara ya kwanza, polepole kabisa. Kwaherini.