Tanzania: Magofu ya Engaruka na mtihani wa milima ya kompyuta

Kompyuta ya leo inaweza kuchora safu nzima ya milima kwa muda mfupi, pamoja na mabonde, miamba na ukungu wake. Ugumu huanza pale mchoraji anapotaka kuweka katika mlima huo gofu la kijiji cha kale ambalo mtazamaji ataliamini. Magofu ya Engaruka, kaskazini mwa Tanzania, yanaonyesha kwa nini kazi hiyo ni ngumu, na kwa nini madhara ya kosa moja hayaishii kwenye picha.

Engaruka iko katika Wilaya ya Monduli, mkoani Arusha, chini ya ukuta wa magharibi wa Bonde la Ufa. Juu yake kuna nyanda za Ngorongoro zenye mvua na misitu. Mbele yake umetandaa uwanda mkavu. Kati ya karne ya 15 na ya 18, wakulima walijenga vijiji juu ya matuta ya mawe kwenye mteremko, wakayaongoza maji ya vijito kwa mifereji hadi kwenye mashamba yaliyoenea takriban hekta 2,000. Mawe yalipangwa bila saruji wala chokaa. Baadaye wakazi walihama, na wataalamu wa mambo ya kale wanaendelea kujadili sababu, upungufu wa maji ukiwa mojawapo ya zinazotajwa.

Mlima huzaliwaje ndani ya kompyuta?

Njia ya kwanza ni ya hesabu. Mwanahisabati Benoit Mandelbrot alieleza kwamba maumbo mengi ya asili hujirudia: jiwe moja hufanana na jabali, na jabali hufanana na mlima. Mwaka 1980, Loren Carpenter wa Marekani alitumia kanuni hiyo kutengeneza filamu fupi ya kuruka juu ya milima ambayo haikuwahi kuwapo duniani. Hata hivyo, milima ya namna hiyo ilikuwa na umbo bila kuwa na historia, kwani hakuna mvua iliyowahi kuichimba. Ndiyo maana mwaka 1989 F. Kenton Musgrave na wenzake walichapisha njia ya kuiga mmomonyoko, ili maji ya kompyuta yachonge makorongo na kushusha udongo bondeni.

Njia ya pili ni kupima mlima wenyewe. Mwezi Februari 2000, chombo cha anga za juu Endeavour kilipima kwa rada, katika safari ya siku 11, miinuko ya takriban asilimia 80 ya nchi kavu ya dunia. Vipimo hivyo vinatoa alama moja ya mwinuko kwa kila mita 30 hivi. Kwa mlima, kipimo hicho kinatosha. Kwa Engaruka hakitoshi, kwa kuwa ndani ya mita 30 tuta lenye nyumba nzima linaweza kumezwa lisionekane kabisa. Anayetegemea vipimo vya angani peke yake atapata mteremko laini usio na dalili ya mkono wa mwanadamu. Atalazimika kupima upya, kwa miguu au kwa picha za ndege ndogo zisizo na rubani.

Jengo halikai juu ya mlima kama kikombe juu ya meza

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kulitua jengo juu ya mteremko bila kuugusa mteremko wenyewe. Mjenzi wa milimani huanza kwa kukata ardhi upande wa juu, kisha hujaza upande wa chini na kuuzuia kwa ukuta. Kwa hiyo ukuta wa upande wa bondeni huwa mrefu kuliko ule wa upande wa mlimani. Picha isiyoonyesha tofauti hiyo humfanya mtazamaji aone kasoro, hata kama hawezi kuitaja.

Kuanguka nako kuna kanuni zake. Mawe huporomokea bondeni, hayapandi. Mawe yaliyolala chini yanapaswa kukaribiana kwa wingi na pengo lililobaki ukutani, isipokuwa kama watu waliyachukua kujengea kwingine. Udongo unaoshuka na mvua hujikusanya nyuma ya ukuta, upande wa mlimani, na vichaka huota pale unyevu unapobaki. Rangi ya mawe nayo haina budi kufanana na ya mlima, kwa sababu wajenzi waliokota yale yaliyokuwa karibu yao.

Mtihani mkubwa kuliko yote ni maji. Wahenga walisema maji hufuata mkondo, na kompyuta inaweza kulihakikisha hilo: mchoraji huyaachia maji kwenye mto wa picha yake na kutazama kama yanafika shambani. Mfereji unaopanda kilima, hata kwa kimo kidogo, unatangaza kwamba aliyeuchora hakujiuliza watu hao walikula nini.

Kwa nini jambo hili lina uzito?

Kuta za Engaruka ni fupi. Mchoraji anayetafuta mvuto hushawishika kuongeza minara na malango makubwa. Akifanya hivyo, anaufuta ustadi halisi wa mahali hapo, yaani kugawa maji machache katika nchi kavu, na kuweka fahari ya kubuni badala yake. Mwanafunzi atakayeiona picha hiyo atajifunza historia ya watu ambao hawakuwapo.

Afrika imewahi kuumizwa na picha za aina hiyo. Kwa miaka mingi baadhi ya Wazungu walidai kwamba Zimbabwe Kuu ilijengwa na wageni kutoka mbali. Uchimbaji wa David Randall-MacIver mwaka 1905 na wa Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929 ulithibitisha kuwa wajenzi walikuwa Waafrika wa hapo hapo. Hata hivyo, utawala wa walowezi uliendelea kuukwepa ukweli huo kwa miongo kadhaa.

Ili kuzuia upotoshaji, wataalamu walikubaliana juu ya Hati ya London, ambayo toleo lake la mwaka 2009 linataka kila picha ya kompyuta ya urithi wa kale ibainishe kilichothibitishwa na kilichokisiwa. Kwa Engaruka, tuta lililopimwa lingechorwa kwa rangi kamili, na paa lisiloacha alama yoyote kwa rangi hafifu.

Mtazamaji wa kawaida hahitaji elimu ya kompyuta ili kuikagua picha ya namna hii. Yamtosha kuuliza maji yalitoka wapi, mawe yaliokotwa wapi, na ukuta ulipoanguka uliangukia upande gani. Picha iliyochorwa kwa uangalifu itakuwa na jibu la kila swali.